Mgongo wa Pete

Ukitaka kumjua Agneta Nabututu, usimwulize habari za kanisa wala za kwao Busia. Mpe pete. Hata kama umemjia na haraka zako za mjini, utakaa kwenye kibao chake usubiri, maana ataigeuza, ataiinua juani, ataipuliza vumbi, kisha atakueleza ilizaliwa enzi gani na ilizaliwa na nani, utafikiri alikuwepo akishika taa.

Meza yake iko soko la Kibuye, Kisumu, katikati ya muuza mito na mama wa viatu vya watoto. Mitumba ya mikoba inapofunguliwa, wengine wanagombania ngozi. Yeye anaingiza mkono kwenye vifuko vya ndani, kule wenyewe walikosahau shanga, hereni na pete. Alianza kwa kuuza tu, hii nyeupe, hii nyekundu. Kisha vijana wa mjini wakapatwa na wazimu wa pete za uchumba za zamani, na Agneta akaona heri ajue anachouza. Akajifunza kwenye simu, jioni kwa jioni, mpaka jicho likazoea.

Kuna zile za enzi ya malkia ambaye Wazungu walilibandika ziwa letu jina lake: dhahabu iliyoiva, maua, nyoka anayejiuma mkia, lulu ndogo kama mbegu za mchicha. Zikafuata za madini meupe yaliyotobolewatobolewa kama kitambaa cha meza cha kufuma. Ikaja miaka ya pembe na ngazi, kila kitu kimenyooka. Baada ya vita kuu ya pili zikaja nene za dhahabu nyekundu, za wanawake waliotaka waonekane. Na mwisho kabisa ni hizi za jana, za kiwandani, zinazojitia ubibi kizee ilhali zimetoka kwenye kalibu juzi.

"Usiitazame usoni," huwaambia wateja. "Usoni kila pete ni bibi harusi. Igeuze. Mgongoni ndiko inakosema ukweli."

Basi Jumapili moja, soko limefurika hadi barabarani, akasimama mbele yake kijana mrefu, fundi wa injini za boti, mikono imesuguliwa kwa sabuni lakini grisi bado iko kwenye kucha. Dalmas Oluoch, mtu wa Usenge. Walikuwa wamependana tangu mwaka uliopita, na pale sokoni kila mtu alimjua, lakini siku hiyo alijifanya mgeni.

"Dada, niangalizie hii. Ni ya enzi gani?"

Agneta akacheka, akaupokea mchezo. "Kaa hapo, Bwana." Akaishika pete. Alipoiona vizuri, kicheko kikapungua, maana haikuwa takataka. "Hee! Hii umeitoa wapi? Ni ya enzi ya malkia, tena ya kweli. Ona hizi lulu zilivyozunguka. Na hii buluu ya katikati si kito, ni rangi imechomwa kwa moto. Imetengenezwa kwa mkono. Mwenyewe alikuwa na vidole vyembamba, na amekufa siku nyingi."

"Amekufa?"

"Pete kama hii haifiki sokoni mwenyewe akiwa hai, Bwana."

Dalmas akaitazama pete. Kisha akapiga goti pale pale kwenye vumbi, kati ya mito na viatu. "Mwenyewe ni wewe," akasema. "Ilikuwa ya dani, nyanya yangu, ikaja kwa mama, sasa ni yako. Utanikataa mbele ya watu hawa wote?"

Mama wa viatu akapiga kigelegele, muuza mito akarusha mto juu, na Agneta akalia mpaka wanja ukamchirizika. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dalmas alipokuwa akimvisha, alimnong'oneza: "Mama amesema ukishaivaa usiivue. Na usiipitishe kwenye maji moto."

"Kwa nini?"

"Mimi najua? Mambo ya wamama hayo."

Mapenzi nayo! Mwanamke aliyekuwa akigeuza kila pete ya Kisumu nzima, ya kwake mwenyewe hakuigeuza. Alinyoosha tu mkono, akaitazama usoni, akatosheka.

Akaivaa akiuza, akaivaa akifua, akaivaa akikaanga dagaa wa omena katika chumba chake cha kupanga kule Migosi. Wiki ya harusi ilipofika, lulu zilikuwa zimeingia mafuta na unga. Haiwezekani, alijiambia, niingie kanisani na pete inayonuka omena. Mchana mmoja alipaka kidole sabuni, akaivua, akachukua mswaki mkuukuu na maji ya vuguvugu. Hayakuwa ya moto. Hilo alilikumbuka.

Ndipo alipoigeuza.

Mgongoni, nyuma ya ile buluu, kulikuwa na kifuniko cha dhahabu, chembamba kama ukucha wa mtoto. Moyo ukamruka kwa furaha, furaha ya mtu wa kazi. Kumbe ni ya zile! Aliwahi kuziona kwenye simu: Waingereza wa zamani, mtu akipenda au akifiwa, waliweka nywele za mpenzi wao ndani ya pete, zimefumwa kama mkeka mdogo, za manjano au za kahawia, chini ya kioo. Akachukua pini ya nguo, akakibandua kifuniko akitabasamu.

Tabasamu likafia mdomoni.

Nywele zilikuwemo, ndiyo. Lakini hazikuwa za manjano, hazikuwa za kahawia, na hazikufumwa. Zilikuwa nyeusi. Zilikuwa za kujisokota, za kipilipili, kishungi kidogo kimefungwa kwa uzi wa buluu, fundo juu ya fundo. Nywele za mtu wa kwetu.

Kama Agneta asingejua lolote kuhusu pete, angedhani ni uchafu, angeupuliza dirishani, maisha yangeendelea. Ujuzi wake ndio uliomponza. Alijua kwamba Mzungu wa kwanza kuivaa aliweka nywele za Kizungu, na kwamba mtu mwingine, baadaye sana, alizitoa akatia hizi. Mtu huyo alikaa chini akafunga fundo baada ya fundo, akafunika, kisha akatuma maneno: asiivue, asiipitishe kwenye maji moto.

Agneta akaiachia pete ikaanguka kwenye beseni. Mama yake, Mungu amrehemu, alimlea na sheria moja kuhusu nywele: ukichana, okota, ukiokota, choma. Nywele zako mtu akizipata amekupata wewe, atakufunga kama kuku wa sokoni. Na Agneta alikumbuka ni nani aliyewahi kuzipata.

Ilikuwa Pasaka, alipokwenda Usenge kujulishwa. Mama Dorca, mamake Dalmas, alimpokea kwa mikono miwili, akamwita nyar mwa, binti wa watu wa mbali, akamkalisha kwenye mkeka uani. "Hii kichwa yako imekaa na rasta siku mingi," alisema. "Kuja nikufungue." Akamfumua taratibu, jioni nzima, vidole vyake vikipita kichwani kama vya mtu anayetafuta kitu. Nywele zilizotoka alizikusanya zote kwenye leso. Agneta alidhani atazichoma. Hakumwona akizichoma.

Na kuna jingine. Kesho yake asubuhi, akienda msalani, aliona kaburi nje ya ua, ng'ambo ya michongoma, peke yake kama mtu aliyefungiwa mlango. Alimwuliza Dalmas. "Ni dada yangu Rachael," alisema, bila kumtazama. "Kwetu msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma." Kisha akabadilisha mazungumzo, akaanza kusifia injini ya boti ya jirani.

Mlango ukabishwa, Agneta nusura apige yowe. Alikuwa Jacinta, jirani wa chumba cha pili, msusi, mwanamke wa maombi ambaye sauti yake hufika kabla yake. "Harusi, harusi! Mbona umekaa kama umeona maiti?"

Agneta akamwonyesha. Jacinta akatazama, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga kabati. "Ashindwe! Ashindwe katika jina la Yesu! Agneta, hiyo ni nini?"

"Nywele."

"Naona ni nywele! Mimi nashika nywele kila siku, nitakosa kuzijua? Za nani?"

"Sijui. Labda zangu." Akamweleza ya Pasaka, na leso, na maji moto. Alivyokuwa akieleza ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

"Umekuwa ukiumwa na kichwa," Jacinta akasema.

"Ni kazi tu. Jua la Kibuye."

"Jua la Kibuye umelijua leo? Na kidole je? Si ulisema kinafura?"

Kweli alisema. Asubuhi kidole kilikuwa kikiamka kimevimba. Agneta akakitazama, akakiona kama si chake. Akampigia Dalmas, ambaye alikuwa ufuoni Dunga amelala chini ya injini ya mtu.

"Dalmas, ndani ya pete kuna nini?"

"Kidole chako," akajibu, akacheka. Vyuma viligonga nyuma yake. Aliposikia Agneta hacheki, akaacha kugonga. "Umeivua? Agneta, si nilikwambia mama alisema usiivue?"

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Alisisitiza tu. Wewe irudishe, basi. Alhamisi anakuja, utamwuliza mwenyewe."

Irudishe, basi. Maneno hayo yalimwingia kama maji ya barafu. Naye pia yumo? Au ni mtoto tu wa mamake, anabeba asichokijua? Alimpenda Dalmas. Alipenda hata ile grisi ya kwenye kucha. Hilo ndilo lililokuwa linamtesa: kama angekuwa hampendi angeirudisha pete, angerudi Busia, yakaisha. Lakini Jumamosi alikuwa anataka kuolewa, na alikuwa anataka kuishi, na pale kwenye beseni ilionekana kana kwamba ni lazima achague.

"Tunachoma," Jacinta akasema. "Pete weka, dhahabu haina kosa. Hicho kitu cha kichawi tunachoma sasa hivi."

Jiko la makaa lilikuwa nje ya mlango. Agneta alikinyanyua kishungi kwa pini, mkono umenyooshwa mbali na mwili wake, akakidondosha. Jacinta alikemea kwa lugha zote alizojaliwa. Zikalia tss, zikajikunja, uzi wa buluu ukang'aa kidogo kama kijinyoka, kukatoka harufu ile mbaya ya nywele ambayo kila mtu anaijua. Jirani wa juu akauliza nani anaunguza kichwa cha mbuzi. Yalipopoa, Jacinta akayazoa majivu yote, akayamwaga kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba, akanawa mikono hadi viwiko.

"Umefunguliwa," akasema. "Sema asante Yesu."

Agneta akasema asante Yesu. Akafunga kifuniko, akaivaa pete tena, kwa sababu mkwe akija akikosa kuiona kidoleni itakuwa vita. Akangoja kichwa kipone. Hakikupona. Usiku aliota mtu amesimama nje ya dirisha anabisha kwa ukucha, na kulipokucha kidole kilikuwa kimevimba kuliko jana. Mtu aliyefunguliwa gani huyu? alijiuliza. Au nimemkasirisha aliyefunga?

Alhamisi Mama Dorca akafika. Mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani, kikapu cha samaki wakavu wa ngege kwapani. Akamsalimu Agneta kwa mikono miwili, kama Pasaka, na macho yake yakateremka moja kwa moja hadi kwenye pete. Yakatulia hapo.

"Iko," Mama Dorca akasema. "Maber. Vizuri."

Wakanywa chai. Wakaongea habari za hema, za kwaya, za mjomba anayetaka kuhutubia. Kisha mama akamgeukia mwanawe. "Dalmas, nenda tafuta soda. Enda ile duka ya mbali, ya hapa karibu soda yake imelala."

Dalmas akamkonyeza Agneta, akatoka. Agneta alitamani kumshika shati.

Mama Dorca akasogeza kiti. Akauchukua mkono wa Agneta, akauweka mapajani mwake. Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto. "Nyar mwa, kuna kitu sikukuambia. Nilikuwa naogopa. Nilisema nikikuambia mbele utatoroka, na kijana yangu anakupenda."

Agneta akatazama mlango Dalmas alikopitia.

"Hii pete mama ya mzee yangu alipewa na Mzungu ya misheni. Alimtunza huyo Mzungu mpaka akakufa. Mimi niliolewa nayo. Rachael yangu aliipenda hii kitu, wuololo! Nikienda ziwani naacha kwa sahani, nikirudi napata ameivaa, anafagia nayo kama bibi ya mkubwa. Nikamwambia, ngoja siku yako, utaingia kanisani nayo. Na watu walikuwa wameshakuja kumuona. Kijana mzuri, ya Uyoma." Akakaza kitambaa kichwani. "Homa ikamshika. Ikamwangusha upesi kabla hata hatujapata gari. Msichana mkubwa, ameshamaliza shule. Wakamzika nje ya ua. Nililia nikawaambia mwekeni ndani, mtoto ni wangu. Wazee wakasema desturi ni desturi."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani. Agneta alikuwa akiusikia kila mpigo.

"Anakuja kwa ndoto," Mama Dorca akasema. "Anasimama nje ya ua, ananiuliza, mama, harusi yangu ni lini? Kila mara. Mama, ni lini? Siku ile wanafunika sanduku, mimi nilikuwa nimekata nywele yake kidogo, nikaficha kwa titi. Wangeniona wangeniita mchawi. Nikatoa ile ya Mzungu, nikaweka ya mtoto wangu. Nikasema, kama hakuingia kanisani na miguu yake, ataingia na kidole ya bibi ya ndugu yake. Jumamosi akishaingia, atapumzika. Atawacha kuniuliza." Akamfinya mkono. "Ndio nilisema usivue. Nilikuwa naogopa atapotea."

Mungu wangu, Agneta aliwaza. Mungu wangu, nimemmwaga kwenye mtaro.

Alitaka kulia, alitaka kuanguka miguuni pa yule mama, lakini woga ni bwana mkali, hukutuma kabla hujafikiri. Na Mama Dorca alikuwa ameshaanza kupapasa mgongo wa pete kwa kidole gumba. "Nifungulie, nyathina, mtoto wangu. Macho yangu imechoka. Nimuone tu kabla ya Jumamosi. Nimsalimie."

"Imeingia unga, mama," Agneta akajisikia akisema. "Ngoja niipanguse. Naleta pini."

Aliivuta pete kwa nguvu hata ngozi ikachubuka. Akaingia chumbani, akateremsha pazia. Mkasi ulikuwa juu ya gauni la harusi. Akapeleka mkono kisogoni, kule chini ambako dawa ya kulainisha nywele haijafika, kule zilikokuwa bado za kipilipili, akakata. Uzi? Kibati cha kushonea. Wa buluu ulikuwepo, asante Mungu, wa buluu ulikuwepo. Akafunga fundo, na fundo jingine, vidole vikiteleza kwa jasho. Alipokuwa anakishindilia kile kishungi ndani ya pete ndipo akili ikamfikia. Nywele zake mwenyewe. Sheria moja tu aliyolelewa nayo. Alikuwa anazitia kwa mkono wake mwenyewe mahali pa maiti, aende akampe mkwe wake.

"Nyar mwa?" sauti ikaita. "Umepata pini?"

"Nakuja, mama."

Mama Dorca aliipokea pete kwa viganja viwili. Hakuitazama usoni hata kidogo. Aliigeuza. Akafungua kifuniko kwa pini, polepole, kama mtu anayefunua shuka ya mgonjwa, akakitoa kile kishungi, akakilaza kiganjani. Midomo yake ikacheza. Alikuwa akimsalimia mtu kwa Kijaluo, chini chini, na machozi yakaanza kumtiririka, na Agneta akashusha pumzi.

Kisha vidole vyake vikafika kwenye uzi. Vikausugua. Vikarudi tena, vikausugua.

"Huu si wake," akasema.

Agneta akautazama ule uzi.

"Ule uzi nilitoa kwa sweta yake ya shule. Uzi ya sufu. Huu ni wa kushonea nguo." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Rachael ako wapi?"

Mtu aliyekuwa akiwafundisha wengine kujua pete ya kughushi kwa kuigeuza tu! Sasa alisimama mbele ya mwanamke aliyemgeuza yeye. Hakuona njia ya kudanganya mara ya pili.

"Nilimchoma, mama," akasema. "Kwenye jiko. Nilifungua nikaona nywele, nikaogopa. Nilidhani ni zangu. Nilidhani unaniua."

"Wuololo," Mama Dorca akasema, kwa sauti ndogo sana. "Na majivu?"

Agneta akaangalia chini. "Yalimwagwa."

"Wapi?"

"Kwenye mtaro. Huko nyuma."

Mama Dorca akageuza kichwa, akautazama ukuta wa nyuma kana kwamba angeweza kuona kupitia matofali, mtaro ule na maji yake meusi, yanavyoteremka kuelekea ziwani na takataka za Migosi nzima. Alitazama kwa muda mrefu. Agneta alipiga magoti bila kujua amepiga, akasema nisamehe, akasema tena, na tena, mpaka neno likakosa maana mdomoni mwake.

"Na hii ni ya nani?" Mama Dorca akauliza mwishowe. Bado alikuwa amekishika kile kishungi.

"Yangu."

"Ulijikata wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna mtu alikushika mkono?"

"Hakuna."

Mama Dorca akamtazama, na Agneta hakuweza kusoma kilichokuwa ndani ya macho yale, kama ni hasira au ni huzuni au ni hesabu. Akakirudisha kishungi ndani ya pete. Akakishindilia kwa ukucha hadi kikakaa. Akafunga kifuniko, akakibonyeza mpaka kikalia tik. Akauchukua mkono wa Agneta, akamvika. Kidole kilikuwa kimevimba na ngozi imechubuka. Pete ilikataa kwenye kifundo. Mama Dorca akasukuma. Agneta akauma meno, na yule mama akaendelea kusukuma, taratibu, bila ukatili, mpaka ikaingia hadi mwisho.

"Mmoja ameenda na maji," akasema. "Huyu amekaa. Huyu hutoi."

Miguu ikasikika nje, chupa zikigongana, na Dalmas akaingia na jasho na soda na kicheko chake. Akawaona, mmoja kwenye kiti, mwingine magotini, macho mekundu wote wawili, akadhani ni yale machozi ya wanawake kabla ya harusi.

"Hee! Mmeshapatana?"

"Tumepatana," Mama Dorca akasema, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Agneta, vidole vikaingia kwenye nywele, vikashuka taratibu hadi kisogoni, hadi pale palipokatwa, vikatulia. "Kuanzia leo asiitwe nyar mwa tena. Huyu ni nyara. Binti yangu."

Dalmas akafurahi sana. Akafungua soda, akamimina, akamsifu mamake, akamsifu mchumba wake. Agneta akainuka akakaa mezani, akacheka Dalmas alipocheka, akaitikia alipoulizwa habari za kwaya. Chini ya meza, kwa mkono wa pili, alikuwa akijaribu kuivua ile pete, na haikutoka.